Watani wa Redio Kol

Mtu wa kwanza kuniita kenge sikuwa nimewahi kuiona sura yake. Aliniita hivyo asubuhi, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, akiwa kwenye shamba jingine la mkonge mbali na letu, na wote waliokuwa hewani wakati ule walisikia. Nilikuwa mgeni kazini. Niliachia kitufe cha maiki, nikabaki nakodolea macho ukuta.

Redio kol yetu ilikuwa boksi la chuma la rangi ya kijani, limekaa juu ya meza ofisini, likila betri ya lori. Simu ya waya ilikuwa imekufa zamani na hakuna aliyekumbuka kuizika. Kwa hiyo mashamba ya kampuni, kuanzia yale ya kwetu chini ya milima ya Upare hadi ya upande wa Tanga, yaliongea kwa redio. Kila asubuhi kila kituo kilitoa taarifa: mkonge umekatwa kiasi gani, korona, ile mashine ya kukamua majani, inazunguka au imelala, dizeli ipo au haipo. Mara nyingi haikuwapo. Miaka ile hata kiberiti kilikuwa habari.

Kazi niliipata kwa sababu ya sauti. Nilikuwa nimerudi kwetu mlimani, juu ya Gonja, baada ya ndoa kunishinda, na karani mkuu wa shamba, aliyekuwa akisali kanisani kwetu, alinisikia nikisoma matangazo ya ibada. Alimwambia mama kwamba tambarare wanahitaji mtu ambaye maneno yake hayamezwi na upepo. Nikashuka.

Majina hayakutumika hewani. Kila mtu aliitwa kwa kituo chake. Mimi nikawa Mlimani. Mwenye sauti ya mikwaruzo alikuwa Mtoni, Mnyamwezi aliyekuja mashambani kijana kukata mkonge, akazeekea humo hadi akawekwa kwenye redio.

"Mlimani, Mlimani, hapa Mtoni. Dizeli mnayo? Ova."

"Mtoni, hapa Mlimani. Hatuna. Ova."

"Mlimani, wewe kabila gani? Ova."

"Mpare. Ova."

Redio ikakwaruza kidogo.

"Ahaa, basi mnayo. Mmeificha. Mpare akipata dizeli hawashi hata taa, anakaa gizani anainusa. Kenge wa milimani wewe. Ova."

Karani mkuu alikuwa mlangoni, anacheka mpaka miwani inamshuka. Aliponiona macho yamenijaa maji akaacha kucheka.

"Huyo anakukaribisha," akaniambia. "Mjibu. Ukinyamaza atadhani umekasirika, na mtani hana ruhusa ya kukasirika."

Nilijua utani, nani asiyeujua? Lakini kwetu utani una njia zake, ukoo fulani na ukoo fulani, na haufanywi na mtu asiyeonekana. Huko mashambani mambo yalikuwa mengine. Watu walitoka kila pembe ya nchi, wakalala kambi moja, wakachomwa na miiba ile ile, na hata wale ambao babu zao hawakuwahi kufahamiana walijichagulia watani. Mtoni alikuwa amenichagua mimi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa taarifa yangu yote, kisha nikabonyeza tena.

"Mtoni, hapa Mlimani. Nimeulizia habari zako. Nasikia ulitoka kwenu umebeba mzigo wa watu kichwani, ulipofika huku ukauficha kwenye mkonge ukajifanya kibarua. Mwenye mzigo bado anakutafuta. Ova."

Kilichotoka kwenye redio kilikuwa kama kikohozi cha ng'ombe. Ndivyo alivyocheka. Nyuma yake vituo vingine vikabonyeza vitufe kwa fujo, ti ti ti ti, kwa sababu hewani huwezi kucheka pamoja. Kila anayebonyeza anawazibia wenzake, kinachosikika ni mlio tu. Tukajifunza kuusikia ule mlio kuwa ni kicheko.

Ndipo sauti kavu ikaingia kutoka Tanga.

"Vituo vyote, hapa Makao Makuu. Redio si kijiwe. Mnamaliza betri. Ova na kwisha."

Tulinyamaza, kesho yake tukaanza tena. Maisha yalikuwa magumu na cha bure kilikuwa kile tu. Sukari tulipanga foleni, sabuni tulipanga foleni, khanga ikifika dukani wanawake walivutana hadi inachanika. Lakini asubuhi, taarifa zikiisha, kulikuwa na dakika chache ambazo Mtoni aliniita chura wa kwenye mgomba, nami nikamwita gunia lililotoboka, na siku ikawa na ladha.

Mama aliposhuka kwa mara ya kwanza kuniona alikuja na tangawizi na ndizi za kuuza mnadani. Alikuwa mwanakwaya, mke wa marehemu mzee wa kanisa, mwanamke ambaye nyumbani mwake hata neno "mjinga" lilihitaji toba. Alikaa kwenye benchi ofisini, mkoba mapajani, akisubiri nimalize. Habari za Mtoni sikuwahi kumsimulia.

"Mlimani," redio ikaita, "umeamka au bado unatoa tongotongo, chura wewe? Ova."

Mama alilitazama lile boksi, akanitazama mimi.

"Nani huyo anamtukana mwanangu?"

"Ni mtani, mama. Tunataniana tu."

"Ana kwao huyo? Hebu nipe hicho kidude."

Nilidhani atamsomea Maandiko. Nikamwonyesha kitufe. Aliishika maiki kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo kama mtu anayeonja mchuzi.

"Wewe mwanamume. Mimi ndiye niliyemzaa huyo chura. Mbona hunisalimii?"

Nikamkumbusha mama aseme ova. Akasema "ova" kwa sauti ya kumkemea mtoto.

"Shikamoo, mama," ikaja sauti ya Mtoni, imepungua ukubwa. "Ova."

"Marahaba. Haya sasa nisikilize vizuri, fisi mwenye mafua wewe. Sauti hiyo ungeitumia kufukuzia nyani kwenye mahindi ungekuwa tajiri. Ova!"

Milio ya vitufe siku ile haijapata kutokea. Karani mkuu alitoka nje akaegemea ukuta. Mama akanirudishia maiki, akanyoosha khanga yake, akauliza kama kuna chai.

Tangu hapo, kila akishuka mnadani, alipitia ofisini "kumsalimia yule mgonjwa wa mafua." Walitukanana kwa heshima kubwa. Mtoni hakukosa shikamoo hata siku moja, ingawa baadaye tuligundua walikuwa rika moja. Mama alikuwa akitunga matusi yake njiani anaposhuka mlima, nadhani, kwa maana alifika nayo yakiwa tayari. Alikuwa mjane kwa miaka mingi. Sikuwahi kumwona akicheka kwa meno yote mpaka nilipomwona mbele ya lile boksi la kijani.

Lakini nisiseme yote yalikuwa matamu. Alikuja mtu mpya, kijana, kituo chake kikiitwa Relini. Alikuta mchezo unaendelea, akatamani kuingia, na kama wageni wengi alifikiri anayetukana zaidi ndiye anayependwa zaidi. Akaanza na vichekesho vya kawaida, akaona milio ni michache, akaongeza. Asubuhi moja, baada ya mimi kumtania kwamba sauti yake bado haijabalehe, akajibu:

"Afadhali mimi, Mlimani. Wewe nasikia umeachwa kwa sababu tumbo lako ni tupu kama ghala la kijiji. Tasa wewe. Ova."

Hakuna kitufe kilicholia. Nilisikia kelele ya hewa tu, ile shhh isiyo na mwisho. Kweli nilikuwa nimeachwa kwa sababu hiyo. Nani alimwambia sijui, mashambani habari husafiri na malori. Mkono wangu ulikuwa juu ya maiki lakini sikuwa na la kusema kwa lugha yoyote.

Kisha Mtoni akaingia, taratibu, bila mzaha wowote.

"Relini, hapa Mtoni. Hapo umetukana. Ova."

"Si tunataniana tu, mzee? Ova."

"Hapana. Mimi namwita chura, yeye anajua si chura, na mimi najua si chura, ndiyo tunacheka. Wewe umemshika kwenye kidonda. Ova na kwisha."

Siku hizi wapwa zangu wameniingiza kwenye grupu la ukoo kwenye simu. Wanarushiana maneno humo, wanaitana mbwa na nguruwe, wanaweka vile vikatuni vinavyotoa machozi ya kicheko, na wakati mwingine nasoma neno moja katikati ya mzaha nikasimamisha kidole. Nafahamu kwamba mahali fulani kuna mtu ameshika simu na hana la kusema kwa lugha yoyote. Huwa nampigia huyo mtu. Sijui kuandika haraka kama wao, lakini kupiga simu najua.

Baada ya siku ile vituo vyote vilimjibu Relini kwa kazi tu. Dizeli, ova. Lori, ova. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Akianzisha mzaha, hewa inabaki shhh. Ilikuwa adhabu nzito kuliko nilivyotaka, maana nilikuwa namsikia kijana mwenyewe anavyohangaika, anacheka peke yake kisha anakata.

Mchana mmoja lori la mkonge likasimama nje, akashuka kijana mrefu, mwembamba, shati limefifia. Alisimama mlangoni. Sikumjua.

"Karibu," nikasema. "Unamtafuta nani?"

"Shikamoo dada," akasema, na hapo nikamjua kwa sauti.

Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Akakiweka mezani, karibu na redio. Kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia. Mtu ambaye hakuishi miaka ile hawezi kuelewa. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Kipande kile alikuwa amekikata kutoka kwenye chake mwenyewe. Upande mmoja ulikuwa na alama ya kisu.

"Mimi sina dada wala mama," akasema. "Nimelelewa na watu. Sikujua neno lile linaingia mpaka ndani hivyo."

Niliichukua ile sabuni nikainusa. Nilijua anangoja msamaha, na nilijua pia kwamba nikimwambia "nimekusamehe" ataondoka nao akiwa bado mgeni.

"Kumbe ndiwe wewe," nikamwambia. "Kwa jinsi unavyopiga kelele nilidhani ni mtu. Kumbe ni ufagio umevaa shati."

Aliinama, mabega yakamtikisika, sikujua analia au anacheka. Kesho yake hewani nikamwita Ufagio, na milio ya vitufe ikarudi.

Mama alifariki ghafla, msimu wa mvua za vuli. Wiki ile ile alikuwa ameshuka, amepita ofisini, akamwita Mtoni jogoo asiye na mkia anayewika mchana watu wakiwa shambani. Lilikuwa jipya, lilimpiga Mtoni mpaka akakosa pumzi.

"Mama, hilo ni kubwa," alisema. "Nipe nafasi. Nitakujibu Jumatatu. Ova."

"Nakungoja," mama akasema. Akapanda mlima. Jumapili aliimba kanisani, akarudi nyumbani akalalamika kifua, na kabla ya kupata mtu wa kumteremsha hospitali alikuwa ameshatutoka.

Habari nililetewa ofisini na jirani yetu aliyeshuka kwa miguu. Karani mkuu ndiye aliyetangaza redioni. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kupanda. Sikulia njiani, na nyumbani pia sikulia. Nilipokea wageni, nilipanga masufuria, nilionyesha watu mahali pa kukaa. Wanawake walinitazama wakanong'onezana. Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa amerithi uzee wa kanisa wa baba na ukali wake, aliniambia jikaze, wakati mimi tatizo langu lilikuwa kujikaza kupita kiasi.

Siku ya maziko kwaya ilikuwa inaimba, jeneza liko juu ya viti, kaburi limechimbwa pembeni mwa migomba. Ndipo wakatokea wanaume wawili kutoka njia ya chini, viatu vimejaa udongo mwekundu. Mmoja nilimtambua, alikuwa Relini. Mwingine alikuwa kizee kifupi, kimevaa koti kubwa kuliko mwili na kofia ya sufi. Hakusalimia mtu. Akapita katikati ya wanakwaya, akafika kwenye kaburi, akakalia ukingo, akateremka ndani.

Kwaya ilikatika kama kamba.

"Huyu mlevi ametoka wapi?" kaka akafoka.

Kizee akakaa chini kabisa ya shimo, akakunja miguu. Kisha akasema, na ile sauti nzito ya mikwaruzo ikapanda kutoka ardhini:

"Bibi wewe, mwongo mkubwa! Uliniita jogoo asiye na mkia. Nikakuomba mpaka Jumatatu. Ukasema unaningoja. Nimetafuta jibu siku nzima, nimelipata, zuri sana, nimepanda milima yenu hii iliyosimama kama ukuta, nafika nakuta umelala. Nani alikuruhusu kulala? Amka nikutukane!"

Watu wa kwetu hawakuwa wamezoea mambo hayo ya mtani kuvuruga maziko, hasa sisi wa kanisani. Mama mmoja alijifunika uso. Kaka alikuwa tayari amevua koti ili amtoe kwa nguvu. Mchungaji akamshika mkono, akanigeukia mimi.

"Mwenzetu huyu unamfahamu?"

"Ni mtani wa mama," nikasema. Hapo kicheko kikanitoka, kikubwa, cha aibu, mbele ya jeneza la mama yangu, na kabla hakijaisha kikageuka kilio nilichokuwa nimekikosa. Nililia nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo. Hakuna aliyeninyamazisha.

"Mlimani," sauti ikaita kutoka shimoni, sasa polepole. "Sitoki humu mpaka mwenye mama anitoe. Unajua cha kusema."

Nikajifuta kwa khanga.

"Toka humo, jogoo usiye na mkia," nikasema. "Hapo si pako. Tena unapachafua."

Akanyoosha mkono juu. Aliyeushika na kumvuta alikuwa kaka yangu. Alipofika juu kizee akavua kofia, na nikaona uso wake wote umelowa. Alichukua jembe, akakaa nalo mpaka kaburi likajaa, akikataa kupokewa.

Baadaye tulikaa nyuma ya nyumba tunakula makande. Tulikuwa tumetukanana miaka, na sasa tukiwa ana kwa ana hatukuweza kutazamana.

"Shikamoo baba," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu," akajibu, akaangalia sahani yake. Baadaye kidogo akasema, "Sauti yako ni kubwa kuliko wewe. Nilidhani ni mwanamke mnene."

"Na mimi nilidhani wewe ni mrefu."

"Basi wote tumedanganywa."

Relini alikuwa anaongeza makande sahani ya tatu, akasema makande haya mama angeyaleta mnadani badala ya tangawizi. Nikamuuliza Mtoni lile jibu alilokuwa amelipata lilikuwa lipi. Alitikisa kichwa. Lilikuwa la mama, akasema, halikuwa langu mimi, na hakuniambia kamwe.

Kisha zikaja enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sabuni zikarudi, za rangi rangi, zimejipanga Same mjini kama peremende. Mitumba ikamwagwa barabarani, watu wa kambini wakaanza kuvaa makoti ya baridi kwenye jua la tambarare. Tulifurahi, nisidanganye. Lakini mashamba yakauzwa, mwenye mali mpya akaleta hesabu mpya, na wengi wetu tukaambiwa tukapumzike. Mimi nilihamia Same nikauza mitumba, kisha chai ya tangawizi na vitumbua, na nikamlea mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye leo ndiye mwenye lile grupu. Relini alipata kazi ya utingo kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam, na kila alipopita Same alisimama kunywa chai na kunitukana mbele ya wateja.

Mtoni hakurudi Unyamwezi. Alisema waliomjua huko wote wamekufa, na njia ameisahau. Alipata kipande cha ardhi kijijini Bendera, akalima mahindi, akaoa mjane wa huko, wakapata wajukuu wa kurithi na wa kuokota.

Nilikwenda kumwona mara ya mwisho akiwa mzee kabisa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kivulini mwa ukuta, anapukuchua mahindi. Nikamsalimia, hakuitika. Mkewe akaniambia masikio yamekwisha, lazima umpigie kelele. Nikamsogelea, nikarudia shikamoo kwa nguvu. Akaniangalia kwa upole kama anavyoangaliwa mgeni wa mtu mwingine.

Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ambayo ilivuka ua ikafika barabarani:

"Wewe gunia lililotoboka! Bado hujafa tu?"

Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo walisimama. Wajukuu waliacha kucheza. Mkewe alishika mdomo. Mzee akaacha kupukuchua, akainua uso, na kile kikohozi cha ng'ombe kikaanza taratibu kifuani mwake, kikapanda.

"Sogeza kiti," akamwambia mkewe. "Mpe chura akae."